Kutafuta kwa Sauti Dar es Salaam: Namna ya Kuuliza na Namna ya Biashara Kupatikana

Anayetafuta kitu mtandaoni kwa kuandika hufupisha, ilhali anayetafuta kwa kusema hueleza. Mkazi wa Dar es Salaam ambaye friji lake limeharibika ataandika "fundi friji Sinza" na kuishia hapo, kwa sababu kuandika kwa kidole kunachosha. Akibonyeza alama ya maikrofoni atasema, "Natafuta fundi wa friji karibu na Sinza Kijiweni anayeweza kuja nyumbani leo jioni." Swali hili la pili lina mahali palipotajwa kama wenyeji wanavyopataja, lina muda, na lina sharti kwamba fundi ndiye atakayemfuata mteja. Injini ya utafutaji huyapokea yote hayo na kutafuta biashara ambayo taarifa zake zinayagusa. Fundi hodari ambaye hajaandika popote kwamba yuko Kijiweni, wala kwamba huwafuata wateja majumbani, ana nafasi ndogo ya kutajwa, hata kama karakana yake iko hatua chache kutoka alipo muulizaji.

Mwongozo huu unawahusu wote wawili, anayeuliza na anayetaka kupatikana. Sehemu ya anayeuliza ni fupi. Sehemu ya mfanyabiashara ni ndefu zaidi, kwa sababu kasoro nyingi ziko huko, na kwa maoni yangu nyingi kati yake hazihitaji mtaalamu wala fedha. Zinahitaji mtu anayejua jinsi wateja wake wanavyozungumza, na aliye tayari kuyaandika maneno yao mahali panapostahili.

Kinachotokea baada ya kubonyeza maikrofoni

Katika utafutaji wa kawaida, simu hunasa maneno, programu huyageuza kuwa maandishi, na maandishi hayo ndiyo yanayotafutwa, sawasawa na ambavyo yangetafutwa kama yangeandikwa kwa mkono. Kosa kwa hiyo linaweza kuingia katika hatua mbili tofauti: ama maneno yamesikika vibaya, ama yamesikika vizuri lakini hakuna ukurasa wala biashara inayoyajibu. Mtu anayeletewa majibu ya ovyo anapaswa kwanza kuisoma sentensi iliyotokea kwenye kioo. Ikiwa imeandikwa sivyo, arudie kusema. Ikiwa imeandikwa sawasawa, abadilishe swali lenyewe.

Kiswahili kilichelewa kufika hapa. Google ilianza kupokea maswali ya kusemwa mwaka 2007 kwa huduma ya simu ya Marekani iliyoitwa GOOG-411, na mwaka 2008 ikaweka utafutaji wa sauti katika programu yake ya iPhone. Programu za kusaidia kwa sauti zilifuata: Siri ya Apple mwaka 2011 na Alexa ya Amazon mwaka 2014. Ilikuwa Agosti 2017 ndipo Google ilipoongeza lugha 30 katika mfumo wake wa kutambua sauti, Kiswahili kikiwa mojawapo, tena kwa kutenganisha Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya. Mashine hizi hujifunza kutokana na sauti za watu zilizorekodiwa, na rekodi za Kiswahili ni chache mno zikilinganishwa na za Kiingereza. Ndiyo maana anayebadilishana "r" na "l", au anayechanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja kama ilivyo desturi ya mjini, husikika vibaya mara nyingi zaidi. Mradi wa Common Voice, ulioanzishwa na Mozilla mwaka 2017, hukusanya sauti za watu wanaojitolea kusoma sentensi fupi, na Kiswahili kimo. Anayeona mashine haimwelewi anaweza kwenda kuifundisha lafudhi ya kwao.

Kwa anayeuliza

Hatua ya kwanza ni kuweka lugha. Fungua programu ya Google, bonyeza picha ya akaunti yako, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya sauti, na uchague Kiswahili cha Tanzania katika orodha ya lugha. Ikiwa unatumia kibodi ya Gboard, ifungulie mipangilio yake pia, kwa kuwa kuandika kwa sauti ndani ya kibodi kuna orodha yake ya lugha. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini mpangilio ni huo. Simu iliyotoka dukani ikiwa katika Kiingereza, na ambayo haijabadilishwa, italazimisha kila neno la Kiswahili liwe neno la Kiingereza linalofanana nalo kwa sauti, na hapo wengi hukata tamaa wakidhani huduma yenyewe haifai.

Ruhusu pia programu ijue mahali ulipo, angalau wakati unapoitumia. Bila ruhusa hiyo maneno "karibu na hapa" yanakosa maana, na unaweza kuletewa duka la Kigamboni ilhali wewe uko Tegeta.

Kuhusu kusema kwenyewe, maikrofoni kuu ya simu nyingi iko upande wa chini, karibu na tundu la chaji, kwa hiyo upande huo ndio unaopaswa kuelekea mdomoni. Ndani ya daladala au kwenye kituo cha mwendokasi, ambako honi na sauti za makondakta hazikomi, isogeze simu karibu badala ya kupaza sauti, kwa sababu kupaza sauti hubadilisha matamshi. Ipange sentensi kichwani kabla ya kubonyeza, kisha uiseme yote kwa mwendo wa kawaida. Ukinyamaza katikati, programu huchukulia kwamba umemaliza na kuanza kutafuta nusu ya swali.

Taja eneo pamoja na jina la kituo. "Kibaoni" pekee hapatoshi, lakini "Tegeta Kibaoni" panaeleweka; hali kadhalika sema "Buguruni Malapa", "Magomeni Mapipa" au "Mbagala Rangi Tatu" badala ya jina la pili pekee. Saa za Kiswahili zinahitaji uangalifu wa namna yake. Anayeuliza "duka la dawa lililo wazi saa mbili usiku" anaweza kuona simu imeandika tarakimu 2, na tarakimu hiyo katika saa ya mashine ni saa nane. Ni salama zaidi kuuliza "lililo wazi sasa hivi" au "lililo wazi saa 24", kwa sababu maneno hayo hulinganishwa moja kwa moja na ratiba ambayo biashara imeijaza.

Usitarajie pia kwamba kila swali la Kiswahili litajibiwa kwa sauti. Mara nyingi utasema wewe, na simu itakujibu kwa ramani au orodha ya kurasa za kusoma. Wazee na watu wasioona vizuri wanaweza kuwasha TalkBack katika simu za Android ili maandishi ya kwenye kioo yasomwe, ingawa kuizoea huchukua muda na ni vyema mtu wa nyumbani akawa karibu siku za mwanzo. Zipo pia programu za mazungumzo kama Gemini, ambayo ilipokuwa bado ikiitwa Bard ilifunguliwa kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi Julai 2023. Hizo hujibu kwa sentensi kamili zenye kujiamini, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu zinaweza kutaja duka ambalo halipo au bei ambayo hakuna aliyeiweka. Kwa swali la dawa na dozi, jibu la simu halitoshi kamwe. Mfamasia wa duka la dawa la mtaani anajua zaidi, na unaweza kumwonyesha pakiti yenyewe.

Kwa mfanyabiashara: anza na ramani, siyo na tovuti

Maswali mengi ya kusemwa yanayoweza kumletea mfanyabiashara wa Dar es Salaam mteja ni ya "wapi", "nani yupo karibu" na "wamefungua?". Maswali hayo hujibiwa na ramani kabla ya tovuti. Google yenyewe inaeleza kwamba matokeo ya biashara za karibu hupangwa kwa mambo matatu: jinsi taarifa za biashara zinavyolingana na swali, umbali kutoka kwa muulizaji, na jinsi biashara inavyojulikana. Umbali huna uwezo nao. Mengine mawili yako mikononi mwako, na chombo cha kuyashughulikia ni Google Business Profile, yaani ukurasa wa taarifa za biashara yako unaoonekana kwenye utafutaji na ramani ya Google, ambayo hadi Novemba 2021 iliitwa Google My Business. Kuifungua ni bure, kuithibitisha ni bure, na mtu yeyote anayekupigia simu akidai ada ili jina lako "lisiondolewe kwenye ramani" ni wa kumkatia simu.

Jina liandike kama lilivyo kwenye bango lako na kwenye leseni. Wapo wanaolirefusha kwa kubandika huduma na mitaa, wakidhani wanaisaidia mashine, lakini kanuni za Google zinakataza na akaunti inaweza kusimamishwa. Kama bado hujasajili jina, au unafikiria kulibadilisha, lichague ukiwa umefumba macho: mwombe mtu asiyelijua alitamke baada ya kulisikia mara moja, kisha alitamke tena mbele ya simu. Majina yaliyotungwa kwa kuchanganya herufi za Kiingereza na tarakimu hupendeza kwenye bango, lakini yakisemwa simu huandika kitu kingine kabisa, na mteja aliyetumwa kwako na rafiki yake hakupati.

Aina ya biashara nayo ichaguliwe kwa usahihi, siyo kwa upana. Anayetengeneza viyoyozi asijiweke chini ya "duka la vifaa vya umeme" kwa kuwa tu anauza na waya kidogo. Baada ya hapo kuna maelezo, ambayo yana ukomo wa herufi 750, na kwa mtazamo wangu hapo ndipo wafanyabiashara wengi wanapopoteza nafasi yao kwa kujaza maneno ya sifa: "bora", "ya kisasa", "kwa weledi wa hali ya juu". Hakuna anayeiambia simu yake itafute "weledi wa hali ya juu". Watu husema "fundi anayekuja nyumbani", "spea za IST", "kusuka rasta", "mtungi wa gesi mdogo", "keki ya birthday ya haraka". Sikiliza simu unazopigiwa na maneno ya sauti unayotumiwa WhatsApp kwa wiki moja, andika maneno ya wateja kama walivyoyasema, na maelezo yako yatungwe kutokana na hayo.

Anwani, kituo na fremu

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu Dar es Salaam huelekezana kwa namna ambayo mashine iliyotengenezwa mbali haikuitarajia. Mji huu huzungumza kwa vituo vya daladala, kwa majina ya watu waliowahi kuwa na duka au nyumba kando ya barabara, kwa viwanda vilivyokwisha kufungwa na kwa vituo vya mafuta vilivyokwisha kubadili rangi. Mtu husema Mwananyamala kwa Kopa, Tandale kwa Mtogole, Manzese Tip Top, Tabata Dampo au Kimara Temboni, na kila mwenyeji anaelewa. Kwa upande mwingine, operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia Sensa ya Agosti mwaka huo, iliipa mitaa vibao na nyumba namba, na anwani hizo ndizo zinazofaa katika nyaraka na katika kisanduku cha anwani.

Ushauri wangu ni kuziweka zote mbili, kila moja mahali pake. Katika kisanduku cha anwani andika namba ya nyumba, jina la mtaa au barabara, kata na postikodi. Katika maelezo andika kituo na alama kama mteja anavyozitamka: "Tuko Sinza, unashuka kituo cha Kijiweni, tupo upande wa kulia ukielekea Mwenge." Swali la kusemwa litakuwa na neno "Kijiweni", na ni rahisi zaidi kulilinganisha na biashara iliyoliandika neno hilo kuliko na ile yenye namba ya nyumba peke yake.

Kisha angalia alama ya ramani yenyewe. Biashara nyingi zimewekwa alama katikati ya barabara au katika kona ya mtaa mzima, na mteja anayeongozwa na sauti ya ramani huambiwa amefika akiwa bado ng'ambo ya barabara. Ivute alama hadi mlangoni, ukiwa umesimama mlangoni. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo hilo halitoshi, kwa kuwa jengo moja la ghorofa kwenye mitaa kama Congo, Aggrey au Sikukuu linaweza kuwa na fremu nyingi juu na chini, zote zikiwa chini ya alama ile ile. Hapo andika jina la jengo, ghorofa, namba ya fremu na lango la kuingilia, na upige picha ya lango hilo kutoka barabarani, siyo picha ya bidhaa pekee. Mahali pasipo na namba ya nyumba panaweza kutambulishwa kwa msimbo mfupi wa ramani, ule wenye alama ya kujumlisha, unaoonekana Google Maps ukibonyeza eneo lako na kulishikilia. Msimbo huo hautamkwi kirahisi, lakini ukitumwa kwa WhatsApp humfikisha bodaboda mlangoni.

Ukihama, badilisha siku hiyo hiyo. Wafanyabiashara waliolazimika kuondoka soko la Kariakoo baada ya moto wa Julai 2021 wanajua jinsi mteja anavyoweza kupotea kwa kukosa habari moja tu ya mahali. Ramani isiyorekebishwa humpeleka mteja palepale pa zamani, na kama pana duka jingine linalouza kitu kile kile, hatarudi kukutafuta.

Ramani ya Google siyo pekee. Anayetumia Siri kwenye iPhone hupata majibu ya mahali kutoka ramani ya Apple, na biashara inaweza kujisajili huko kwa Apple Business Connect, iliyofunguliwa Januari 2023. OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea, nayo husomwa na programu nyingine kadhaa. Dar es Salaam ina bahati katika hilo, kwa kuwa mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wananchi wa mitaa kuchora njia, mitaro na majengo ya kata ambazo ramani nyingine zilikuwa zimeziacha tupu. Kuongeza duka lako huko ni kazi ya muda mfupi.

Saa za kufungua na bei

Saa zijazwe kwa uangalifu ule ule nilioutaja kwa anayeuliza. Saa mbili asubuhi ni 08:00 katika mfumo huo, na saa tatu usiku ni 21:00. Aliyejaza 2:00 kama saa ya kufungua ameutangazia ulimwengu kwamba hufungua saa nane usiku, na atakosa kila swali la "wamefungua sasa hivi?" linaloulizwa asubuhi. Zipo pia saa maalumu, ambazo hazijazwi mara nyingi ingawa ndizo zenye faida kubwa: mgahawa unaofunga mchana wakati wa Ramadhani na kufungua kwa ajili ya futari, duka linalofunga Ijumaa mchana kwa muda wa swala, sikukuu za Idi, Krismasi na Sabasaba. Ratiba ikibadilika, ibadilishwe kwenye simu kabla ya kubandikwa karatasi mlangoni.

Baada ya mahali wateja huuliza bei, na hilo ndilo swali ambalo biashara nyingi za mjini hulikwepa kwa makusudi. Desturi ya "bei njoo inboksi" inaweza kuwa na sababu zake, lakini mtu aliyeuliza kwa sauti "mtungi wa gesi wa kilo 15 ni shilingi ngapi" amekwisha kuuliza, na atakwenda kwa yule aliyejibu. Kama bei hupanda na kushuka, andika kiwango cha chini na tarehe uliyoiandika. Andika kiasi kwa tarakimu na kwa maneno ya kila siku: 250,000, laki mbili na nusu. Usiifungie bei ndani ya picha ya tangazo, kwa sababu maandishi yaliyo juu ya picha hayategemewi kusomwa kama maandishi ya kawaida, na biashara ambayo bei, mahali na namba ya simu viko ndani ya picha za Instagram pekee imeviweka mahali ambapo swali la kusemwa huvifikia kwa shida.

Ukurasa unaojibu

Mwenye tovuti aangalie kama kurasa zake zinajibu maswali au zinajisifu. Njia nyepesi ni kuchukua swali moja kama mteja anavyolisema, kuliweka kuwa kichwa cha habari, na kulijibu katika sentensi ya kwanza chini yake, kabla ya maelezo mengine. Chini ya "Mnapeleka mizigo Mbagala?" sentensi ya kwanza iwe "Ndiyo, tunapeleka Mbagala yote hadi Rangi Tatu kila siku isipokuwa Jumapili", kisha gharama ifuate. Mabadiliko ambayo Google iliyaita Hummingbird mwaka 2013, na BERT mwaka 2019, yalilenga kuielewa sentensi nzima badala ya kuokota neno moja moja, kwa hiyo hakuna haja ya kurudia "fundi friji Sinza" mara ishirini katika ukurasa mmoja. Ukurasa uwe mwepesi, kwani wasomaji wengi hutumia vifurushi vya siku na simu za bei nafuu. Picha kubwa inayochelewa kufunguka humfukuza mtu aliyekuja kwa haraka. Namba ya simu iwe ya kubonyeza, siyo ya kunakili.

Maoni ya wateja yana kazi hiyo hiyo. Mteja anayeandika "alikuja kutengeneza friji Kijitonyama usiku, akamaliza siku hiyo hiyo" amekuandikia kwa maneno yake huduma, mahali na muda, vitu vitatu ambavyo mwingine atavisema. Mwombe kila mteja aliyeridhika aandike alichofanyiwa na wapi, kisha umjibu. Maoni ya kununua yanakatazwa, na hata yasipogunduliwa, huwa matupu kiasi kwamba hayana neno lolote la kulinganishwa na swali.

Vifurushi vya "sauti" vinavyouzwa

Wapo washauri wa masoko ya mtandaoni wanaouza huduma maalumu ya utafutaji wa sauti, na hoja yao ya kwanza huwa ni kwamba nusu ya utafutaji wote ungekuwa wa sauti ifikapo mwaka 2020. Asili ya kauli hiyo ni mahojiano ya Septemba 2014 na Andrew Ng, aliyekuwa mwanasayansi mkuu wa kampuni ya Baidu ya China, aliyetabiri kwamba ndani ya miaka mitano angalau nusu ya utafutaji ingekuwa kwa sauti au kwa picha. Watu waliondoa picha, wakaiondoa China, wakaubakiza utabiri kana kwamba ni kipimo kilichofanyika. Anayekuonyesha asilimia hiyo kama ushahidi muulize ilitoka wapi kabla ya kufungua pochi.

Waulize pia watafanya nini hasa. Data zenye mpangilio, yaani maelezo yanayowekwa ndani ya ukurasa ili mashine iyasome, ambazo Google, Bing na Yahoo walikubaliana mtindo wake mwaka 2011 kupitia schema.org, zinafaa kwa kueleza jina, anwani, saa na simu ya biashara. Lakini ahadi ya kwamba maswali na majibu yako yatatokea yamekunjuliwa kwenye matokeo imepungua uzito tangu Agosti 2023, Google ilipoiwekea mipaka nafasi hiyo kwa tovuti za serikali na za afya zinazotambulika. Alama ya kuonyesha sehemu ya kusomwa kwa sauti nayo ilitolewa kwa majaribio ya habari za Kiingereza nchini Marekani. Duka la hadiwea la Mbezi haliihitaji.

Usalama wa sauti na wa namba

Usiseme namba ya siri, wala namba ya kitambulisho, mbele ya maikrofoni. Mwaka 2019 ilibainika kwamba watu walioajiriwa na kampuni kubwa za teknolojia walikuwa wakisikiliza baadhi ya rekodi ili kuboresha mifumo, zikiwamo rekodi zilizonaswa kwa bahati mbaya. Katika akaunti ya Google, sehemu ya shughuli zangu inaonyesha ulichotafuta na kama sauti inahifadhiwa. Unaweza kufuta na kuzuia. Kwa biashara inayotunza rekodi za sauti na namba za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihusu pia, na anayesimamia ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tahadhari nyingine ni ya namba za huduma kwa wateja. Anayeuliza kwa sauti huelekea kuipiga namba ya kwanza anayoletewa, na matapeli huweka namba zao kwa majina ya benki na mitandao ya simu. Namba ya benki ichukuliwe nyuma ya kadi au kwenye tovuti ya benki yenyewe, na namba ya tapeli itumwe kwa ujumbe kwenda 15040. Mfanyabiashara naye aikague namba yake kwenye ramani mara kwa mara, kwa kuwa watu wa nje wanaweza kupendekeza mabadiliko.

Kupima

Hakuna ripoti itakayokutenganishia maswali ya kusemwa na ya kuandikwa. Hata Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti maneno yaliyowaleta watu, huyachanganya. Kinachoonekana ni urefu na umbo la maswali, na katika Google Business Profile utaona maneno yaliyokuleta, simu zilizopigwa na maombi ya kuonyeshwa njia. Maneno kama "wapi", "karibu", "shilingi ngapi" na "wazi sasa" yakiongezeka, unajua unakoelekea. Zaidi ya hapo, fanya jaribio la mkono kila mwezi: waombe watu watatu wa rika na lafudhi tofauti, mmoja kijana wa dukani, mmoja mtu mzima wa mtaani, mmoja mgeni kutoka mkoani, wasimame kituo cha karibu na waitafute huduma yako kwa sauti bila kutaja jina la duka. Andika walichosema, simu ilichoandika na biashara iliyotokea kwanza. Neno walilolitumia wote watatu na ambalo halimo katika maelezo yako liongeze jioni hiyo, na kama limetokea duka la jirani badala ya lako, fungua ukurasa wake uone alichoandika ambacho wewe hukuandika.